Stendi ya Kuchongea Jina la Mama

Mama alipofariki, ndugu zangu waligawana kazi za matanga pale pale uani. Mmoja akachukua hema na viti, mwingine ng'ombe, dada yetu akachukua mambo ya jikoni. Ilipofika kwa msalaba hakuna aliyeuliza. Mimi ndiye ninayewachongea watu wa Kakamega majina kwenye misalaba, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo wakanitazama tu, wakaendelea na habari za maji. Niliitikia kwa kichwa. Mikono nilikuwa nimeikalia.

Mashine yangu ya kuchongea ni ndogo, hushikwa mkononi kama tochi, na mbele yake huzunguka kisu kisichozidi punje ya mahindi. Mkono ukitulia, inaandika vizuri kuliko kalamu. Mkono ukitetemeka, inaruka na kuharibu ubao. Na wangu ulikuwa umeanza kutetemeka tangu msimu wa kupanda, kwanza kidole gumba, halafu kiganja kizima. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Kazi zilizokuja nilizipitisha kwa fundi mwingine nikisingizia mgongo. Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Kila mwanaume wa umri wangu anao.

Lakini jina la mama sikuweza kumpa fundi mwingine. Ndipo nikaenda mjini kutafuta stendi, kile chuma kinachofungwa mezani ili kiishike mashine badala ya mkono.

Mwenye duka la vifaa, mama mmoja wa makamo, aliniuliza stendi ni ya kazi gani.

"Si yangu," nilimjibu kabla hajamaliza. "Kuna mzee mmoja wa Lubao amenituma. Anachonganga misalaba, na siku hizi mikono yake inatetemeka."

Uongo ulinitoka kwa urahisi hata nikajishangaa. Nilimhurumia kabisa huyo mzee wa Lubao.

Akaniwekea stendi tatu kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa fimbo ndefu yenye ndoano: mashine inaning'inia juu, na mrija unaopindika unashuka hadi kwenye kishikio chembamba chenye kisu. Hiyo inapunguza uzito tu. Mkono bado ndio unaoandika. Ya pili inailaza mashine mezani, halafu wewe unaileta kazi kwenye kisu. Inawafaa wachonga pete. Msalaba wa mbao nani atauinua na kuugeuzageuza hewani? Ya tatu ilisimama wima juu ya sahani ya chuma, mashine ikiangalia chini, na pembeni kuna wenzo wa kuishusha hadi kina unachotaka. Unachosogeza ni ubao, ukiuegemeza kwenye rula.

Hiyo ndiyo iliyonifaa, na ndiyo niliyoichukia. Nguzo yake iko karibu mno na kisu, msalaba mzima haupiti. Ingenilazimu nichonge jina kwanza, ndipo niunganishe mbao. Jambo hilo sijawahi kulikubali. Ubao ambao haujawa msalaba ni ubao tu, na jina la marehemu haliandikwi kwenye ubao tu. Mafundi wanaofanya hivyo nimewacheka kwa sauti, mbele ya wateja wao.

"Jaribu hii ya kwanza, baba, uone," yule mama akasema, akinipa kishikio na kipande cha mbao.

Nikakipokea bila kufikiri. Ncha ikaanza kugonga ubao, ta-ta-ta-ta, na mashine yenyewe haijawashwa. Tukaitazama sote wawili. Masikio yaliniwaka moto.

Hakuniangalia usoni. Alikichukua kile kishikio taratibu, akaisogeza mbele stendi ya tatu.

"Huyo mzee mwambie achukue hii," akasema. "Na mwambie asione vibaya. Mikono inachokanga."

"Nitamwambia," nikasema. Afadhali angenicheka.

Nilichonga nikiwa nimefunga mlango wa karakana. Ubao ukapita chini ya kisu, herufi baada ya herufi, zimenyooka kama za kibao cha benki. Hakuna hata moja iliyokuwa na ule mkunjo wangu ambao watu huutambua kwenye makaburi. Nilipomaliza niliunganisha mbao haraka haraka, kama mwizi anayefunika kitu.

Ndugu zangu waliusifu. "Mkono wako haujazeeka," kaka yangu akasema, nami nikashukuru.

Siku ya mazishi, baada ya msalaba kusimikwa, watu walipanga mstari kutupa pole. Mama mdogo, mdogo wake mama, alipofika kwangu aliutoa mwenyewe mkono wangu mfukoni, akaushika kwa mikono yake miwili. Ukatetemeka humo ndani hata bangili zake zikalia.

"Lia tu, mwanangu," akasema kwa sauti. "Nyinyi wanaume mnafichanga uchungu mpaka mwili unatetemeka hivi. Huyu ni mama yako, usione haya."

Waliokuwa nyuma yake wakaniangalia kwa huruma. Nami nikauacha mkono utetemeke, na ule wa kushoto nikautoa pia. Miezi yote hiyo sikuwa nimepumzika hivyo mbele ya watu. Mama yangu alikuwa ndani ya udongo mbichi, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikisikia nafuu.