Kibuyu cha Felista

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ni ile ambayo mdogo wangu Felista alipanda mlima kuja kwetu Mgeta akiwa na kisanduku cheusi cha plastiki kwapani. Nilikuwa bustanini napalilia kabichi. Nikamwona anakuja kwenye njia ya mteremko, viatu mkononi, uso umemng'aa kwa jasho na furaha, na mimi moyo ukanishtuka kabla hata sijajua kisandukuni mna nini.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umetuletea nini toka mjini?"

"Utaona," akasema, akacheka.

Basi nikaona. Ilikuwa grenda ndogo ya mkono, unene wake ni wa gunzi la mahindi, na pembeni vichwa vyake vimepangwa: vya kuchimbia, vya kukatia, vya kusugulia, na kimoja chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Siku hizi ninyi mnazinunua kwenye duka lolote la vifaa pale mjini, mnazichaji kama simu, mnachongea vifuu na kuandika majina kwenye vikombe. Wakati ule huku mlimani ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa na waya, na kwetu umeme haukuwa umefika, kwa hiyo Felista akaenda kumwomba padre aichomeke kwenye jenereta ya parokia.

Nusu ya kijiji ilimfuata. Akavaa miwani, akajifunga kitambaa puani, akashika kibuyu kikavu kwenye mapaja yake. Mashine ikalia kama nyigu. Kabla chai haijachemka alikuwa amezungusha shingo yote ya kibuyu kwa nakshi ya majani, mistari laini iliyonyooka, hakuna alama ya mkono kutetemeka. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja mtani wetu, aliyekuwa hapitwi na neno, akanigeukia akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Tekla, wewe sasa ubaki na kabichi zako."

Nikacheka na wenzangu. Ndani nilikuwa naungua.

Lakini ujue kwanza mimi nilikuwa nani. Sisi tulizaliwa mabinti watatu: mimi Tekla wa kwanza, Anjelina wa kati, Felista kitinda mimba. Bibi yetu mzaa mama alinifundisha vibuyu nikiwa bado mdogo. Nilikuwa nachoma nakshi kwa msumari uliokolea moto kwenye makaa, pole pole, kibuyu kimoja kikinichukua hata wiki, na vidole vyangu vina makovu mpaka leo. Pale kwetu ukisema kibuyu kizuri ulikuwa unasema kibuyu cha Tekla. Sikuwa na shamba kubwa wala mume mwenye lori. Nilikuwa na hicho tu, mwanangu, na mtu mwenye kitu kimoja hukilinda kama mbwa anavyolinda mfupa.

Na mwaka ule ndio Devota, binti wa Anjelina, alikuwa amewekwa ndani. Katika ukoo wetu, mwali anapotolewa nje, mama yake mkubwa ndiye anayemkabidhi kibuyu chake cha kwanza. Kinajazwa togwa mbele ya watu, mama mkubwa anaonja wa kwanza, bibi mzee wa ukoo wa pili, halafu mwali anakunywa. Mama mkubwa wa Devota nilikuwa mimi. Kibuyu chake nilikianza tangu siku aliyovunja ungo, na kilikuwa kimekaribia kwisha.

Siku ile ile ya jenereta, Anjelina akanifuata nyumbani. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Dada, usinielewe vibaya. Devota ameomba kibuyu chake cha mwali kitengenezwe na mama mdogo. Kwa ile mashine. Wewe utamkabidhi vile vile, nafasi yako ipo pale pale."

Nikamjibu, "Sawa, hamna neno." Nilikuwa nachambua njegere, nikaendelea kuchambua, na nadhani nyingine nilizitupa nzima nzima pamoja na maganda.

Sitaki nikufiche. Nilimchukia mdogo wangu Felista mchana ule. Yule niliyembeba mgongoni, niliyemwachia nyama yangu kwenye bakuli. Nilijiambia kwamba ile si kazi, ni waya tu na kelele, mtu yeyote akipewa mashine atafanya. Halafu nikakumbuka ile mistari ya majani na nikajua si kweli, maana mashine haiwezi kujua jani linapindia wapi. Mkono wa Felista ulikuwa unajua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Felista akashuka mjini kukitengeneza kibuyu cha Devota. Mimi nikakimaliza changu pia, ingawa hakuna aliyenituma.

Siku ya kumtoa mwali ukungu uliondoka mapema. Felista akaja na kibuyu kimefungwa kwenye khanga mpya. Alipokifungua, wanawake walipiga vigelegele kabla hata ngoma haijaanza. Mdomo ameukata wazi, ndani amesugua kwa kichwa cha msasa mpaka pamekuwa peupe na laini kama sahani, na nje pote majani, ndege, na jina la Devota kwa herufi ndogo za kulala. Kilikuwa kizuri, nasema ukweli wa Mungu. Changu kilikuwa chini ya khanga kwenye kikapu changu. Usiniulize nilikibeba kwa nini. Nadhani nilitaka tu kiwepo, watu wakikiona kwa bahati wapime wenyewe.

Togwa ikamiminwa. Mwali akakalishwa mkekani, amepakwa mafuta, ameinamisha uso. Nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikakiinua, nikapiga funda la kwanza.

Kilikuwa kichungu, mwanangu! Uchungu wa kwinini, ule unaoshika nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka.

Nikaelewa pale pale. Kibuyu hakinywewi kwa kuwa tu kimesuguliwa. Kinalowekwa, kinatiwa kokoto na maji, kinatikiswa, maji yanamwagwa, kinatiwa majivu, kinalowekwa tena, mpaka uchungu wote utoke kwenye nyama yake. Kila mwanamke wa huku analijua hilo. Lakini Felista aliondoka nyumbani bado msichana, na mjini vibuyu vyake alivitengeneza kuwa taa na vyombo vya maua. Hakuna anayekunywa kwenye taa. Aliona weupe ule uliosuguliwa na mashine akadhani kimesafika.

Sasa hebu fikiri. Devota angekunywa na angetema, watoto hawajui kuficha. Mwali kutema togwa yake ya kwanza mbele ya watu! Na watani wamekaa mbele kabisa, wanasubiri kosa lolote walitilie wimbo. Wangemwimba Felista mpaka wajukuu zake. Neno moja tu kutoka kwangu, "Jamani, kichungu hiki," na mashine yote ingekuwa imekwisha siku ile. Halafu ningeinama kwenye kikapu changu.

Nilifurahi. Ndiyo, nasema nilifurahi, furaha iliyonipanda toka tumboni. Nikavuta pumzi niseme.

Bibi yetu, yule aliyenifundisha vibuyu, akanichukulia kibuyu mikononi. Alikuwa mzee wa kukongojea, lakini alikichukua kwa nguvu. Akaonja. Halafu akakiinua tena akanywa, akanywa, koo lake jembamba likipanda na kushuka, mpaka akakigeuza mdomo chini kuonyesha watu kwamba hakuna kilichobaki. Watu wakaangua kicheko.

"Bibi, umemmalizia mwali togwa yake!" mzee mtani akapiga kelele.

"Hiki kilikuwa cha wazee," Bibi akasema, akifuta midomo kwa upindo wa khanga. "Na wazee tumemaliza. Cha kunywea mwali kiko kwenye kikapu cha Tekla. Kitoe, mjukuu wangu. Hiki cha Felista mwali atakitunza, ni cha kuonyesha wageni."

Sikuwa nimemwambia. Asubuhi nilipita mbele yake na kikapu nimekifunika vizuri, nikidhani macho yake yamekwisha. Nikakitoa kibuyu changu, nikamimina togwa, nikaonja, kikawa kitamu, na Devota akanywa. Vigelegele vikapigwa. Nilipata kile kile nilichokuwa nakitaka, na sikuweza kuinua uso wangu.

Baadaye Bibi akaniita nyuma ya jiko. Alikuwa anasukutua maji na kutema.

"Kilikuwa kichungu," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ulijua kabla?"

"Hapana, Bibi. Haki ya Mungu sikujua."

"Nakuamini. Lakini nilikuwa nakutazama. Uchungu ulipokugusa ulimi, Tekla, ulitabasamu."

Nikajifanya napanga kuni.

"Sikukatazi wivu," akaendelea. "Mimi dada yangu alikuwa na shamba la bondeni, maji yanapita katikati, nilimwonea wivu mpaka tulipomzika, na siku ile nililia kwa dhati. Lakini mvua ilipombebea maharage yake sikucheka. Wivu ni wako, kaa nao. Siku unapofurahi mwenzako anapoharibikiwa, hapo umeshaharibika wewe. Sasa nenda kamwambie Felista mwenyewe. Umwambie pembeni. Na usicheke."

Nilimkuta Felista amekaa juu ya jiwe, anafuta vichwa vya mashine yake kimoja kimoja.

"Dada, togwa ilikuwaje?"

Ulimi ukataka kusema tamu. Usidhani ni kwa huruma. Nilijua nikimwambia tamu ataendelea kutengeneza vibuyu vichungu, na siku moja watu watajua bila mimi kunyanyua kidole. Wivu una akili sana, mwanangu, unaweza hata kuvaa nguo za upole.

"Ilikuwa chungu, Felista," nikasema. "Hukukiloweka."

Kitambaa kikamdondoka. "Na Bibi ameinywa yote?"

"Yote."

Akajifunika uso kwa viganja akalia, si kilio cha aibu tu, bali na cha kufikiri Bibi alivyoumeza uchungu wote ule kwa ajili yake, na mimi nikakaa naye kwenye lile jiwe. Sikucheka. Nikamwambia aje na kibuyu kesho yake, nimfundishe kokoto na majivu. Akaniambia, akifuta kamasi, "Na mimi nitakufundisha hii."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza grenda yenu hii, kwenye kibaraza cha parokia. Mara ya kwanza niliikandamiza kwa nguvu zangu zote za jembe, kibuyu kikatoa moshi, kichwa kikateleza na kuchora mstari mbaya kutoka shingoni mpaka kitakoni. Felista alicheka mpaka akakohoa. "Usiikandamize, dada! Ishike tu, kasi yake ndiyo inayokata." Nilikasirika, nikazima, nikawasha tena. Kile kibuyu chenye mstari ninacho mpaka leo, ndicho cha maji ya kunywa hapa kwangu.

Usije ukadhani wivu uliisha. Taa za Felista zinaning'inia kwenye mahoteli ya mjini, na kila nikishuka na lori la mboga nikaziona zinawaka, kifua kinanibana. Ila siku hizi nampigia simu namwambia, "Felista, leo nimekuonea wivu." Anacheka, ananijibu, "Na mimi dada, nilikuonea wivu mikono yako tangu sijaota meno ya ukubwani. Unadhani mashine niliinunua kwa nini?" Maneno hayo aliponiambia mara ya kwanza nilikata simu, nikaenda kukaa peke yangu bustanini.

Basi wewe, mwanangu, uliyenunua kimashine chako na unaona jirani anachonga vizuri kuliko wewe, nisikilize. Ya mkono kwanza: kishike kwa mikono miwili, anza na kasi ndogo, usikandamize, funika pua maana vumbi la kibuyu linakaa kifuani, na chombo cha kunywea kiloweke hata kama kinang'aa. Ya moyo ni hii. Ukimwonea mtu wivu, mwambie, au umwambie Mungu, lakini usiukalie kimya mpaka uanze kumsubiri akosee. Na akikosea, ukawa wewe wa kwanza kulionja kosa lake, lifunike mbele za watu, kisha umweleze pembeni ukiwa hujatabasamu. Ukitabasamu atakuona, hata ukidhani hakuoni.

Mungu akupe mikono inayotulia na macho yasiyochoka. Akupe ndugu mwenye kipaji cha kukuumiza roho, maana bila Felista ningekuwa bado na msumari wangu na majivuno yangu. Na siku kibuyu chako mwenyewe kitakapokuwa kichungu, mwanangu, maana kitakuwa, Mungu akujalie awepo mtu wako pale mbele atakayekinywa chote bila kukunja uso.