Majani Chini ya Ngoro

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Nilitoka nyumbani Mkumbi na brashi mbili na makopo ya rangi ndani ya mfuko wa mbolea, bila kujua naenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Nilichokipenda ni kuchora vitu nilivyoviona ndotoni, na siku iliyotangulia nilikuwa nimechora ukutani kwetu mlima uliopasuliwa katikati kama mkate, juu yake ngoro zetu, yale mashimo tunayolimia mteremkoni, na katika kila shimo samaki.

Baba aliitazama picha hiyo muda mrefu, jembe begani. Kisha akasema, "Ngoro gani hizi? Mvua moja tu, mlima wote uko mtoni." Akaenda zake shambani. Mimi nikaona kwamba baba hazitaki ndoto zangu. Wala sikumuuliza.

Nikatembea, nikapakiwa kwenye lori la mahindi, nikatembea tena, na alasiri ya siku ya pili nikajikuta Lituhi, ziwa liko mbele yangu na sina pa kulala. Bibi mmoja alikuwa akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, juu ya kichanja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Huyo ndiye Bibi Estha. Alikuwa mjane, na alikuwa na chumba alimotunza nyavu za marehemu mumewe. Alisema naweza kulala humo, ila nimchoree kitu mlangoni, maana amechoka kuutazama mlango mtupu.

Nikachora kundi la usipa wakiruka juu ya milima, wamebeba mtumbwi wenye wavuvi wawili, na wavu ukining'inia. Majirani wakaja kucheka. Mmoja akataka kujua kama mtumbwi huo unashusha abiria Mbinga au unapitiliza hadi Songea. Nikaanza kukusanya makopo yangu. Bibi Estha akanishika mkono.

"Usipa kuruka sina neno, mjukuu wangu. Hata mimi huwaota. Lakini wavu wako hauna maboya, utazama wote. Sasa hawa watu wako watakula nini?"

Akaingia chumbani, akatoka na wavu, akaniwekea mapajani. Nikapapasa maboya upande wa juu, moja baada ya jingine, na vizito upande wa chini. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya baba.

Ngoro hazichimbwi hivi hivi, mwanangu. Kwanza majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, ndipo udongo wa shimo huyafunika yakawa tuta. Majani hayo ndiyo yanayoushika mlima. Mimi niliupasua mlima pichani nikaonyesha udongo mtupu, kwa kuwa kila msimu wa kufyeka nilijificha na brashi zangu. Baba hakuwa na ugomvi na samaki. Alichokiona ukutani ni mtoto wake asiyeijua kazi ya kwao.

Niliuwekea wavu wa mlangoni maboya kabla jua halijazama. Bibi Estha akanitandikia mkeka katikati ya nyavu.

Msimu uliofuata nilirudi, nikafyeka na baba hadi mikono ikatoka malengelenge, kisha nikaongeza majani katika picha yangu. Alikuja, akainama, akayagusa kwa kidole.

"Haya," akasema. "Na samaki hawa, wanakula nini?"

Tangu hapo nimechora miaka mingi, na picha zangu zimefika nchi nisizozijua. Mibuni ninayoichora bado ina macho, kama niionavyo ndotoni. Lakini mizizi yake ni ya mibuni ya kweli.

Basi, mwanangu, ota upendavyo. Ila kabla hujakipindua kitu, kishike kwanza, ujue kinasimamaje. Na mkubwa akikukosoa, muulize anakusudia nini kabla hujafunga mzigo. Mimi sikuuliza, na bibi yako, mama yangu mzazi, alikaa msimu mzima akiutazama mlango.

Mungu akupe njia ndefu. Na popote itakapoishia, akukutanishe na mtu wa kukutandikia mkeka na kukuambia ukweli.