Siku Niliyomwita Bibi Jirani

Wiki iliyopita niliwapeleka wageni soko la Matrah, hapa Maskati. Penye lango la mtaa wa zamani, ule uliozungushiwa ukuta pembeni ya soko, kijana mmoja mtembeza watalii alikuwa akieleza habari za ukuta na za ngome iliyo juu ya jabali. Alijua mengi, Mungu amzidishie. Lakini mimi, mwenzangu, niliposikia tu harufu ya udi na ndimu kavu machozi yalinilenga, na wageni wakadhani ni vumbi.

Bibi yangu alikuwa mtu wa soko lile kila Alkhamisi, siku ambayo enzi zile skuli zilifungwa. Alikuja Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, ila hakikumtia unyonge hata chembe. Kikapu nilibeba mimi. Tulianza kwa nazi na papa mkavu, tukamalizia kwa muuza kanga, mzee aliyewahi kuwa na duka Unguja na Kiswahili kimemkaa vizuri. Hapo ndipo bibi alipochangamka. Alikunjua doti moja baada ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga, akapaza sauti soko zima lisikie: "Baba wee, mie nnataka kanga, sijataka chandarua!" Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwagizia kahawa.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, bibi yumo katikati ya vituko vyake, akatokea mwalimu wetu wa Kiarabu. Darasani alizoea kutwambia, sisi watoto tuliotoka Afrika, kwamba ndimi zetu bado hazijarudi nyumbani. Alimtazama bibi, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiarabu kama yule ni bibi yangu. Nikajibu upesi kwamba hapana, ni jirani yetu.

Nilidhani bibi hakufahamu. Njia nzima kikapu alikibeba mwenyewe. Mchana, chakula kilipoandaliwa, nikawekewa sahani ya wageni.

"Karibu, mtoto wa jirani," bibi alisema kwa adabu zote. "Mama yako hajambo?"

Mama alicheka, akidhani ni utani. Siku ya tatu ya kuitwa mtoto wa jirani nilishindwa, nikamwangukia bibi mapajani nikilia na kumwomba radhi. Akanifuta kamasi kwa kanga yake, akaniambia, "Basi, mjukuu wangu, yashakwisha."

Nami nikaamini. Alkhamisi iliyofuata mzee wa kanga alimkaribisha kwa Kiswahili kama kawaida. Bibi akamjibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, akichagua maneno kama anayechambua mchele. Hakukunjua doti hata moja.

"Bi mkubwa, leo unaumwa?" mzee aliuliza.

Bibi alionyesha kwa kidole doti iliyokuwa karibu, akaichukua, tukaondoka.

Ikawa hivyo mpaka miguu ilipomkataza kwenda sokoni. Jikoni alikuwa yule yule, anatania na kucheka kwa Kiswahili chake chote, lakini tukifika Matrah alinyamaza kwa ajili yangu, nisione haya. Leo soko lina taa nzuri, na wengi wanauza vijizawadi vya watalii. Watu wanasikitikia maduka ya zamani. Mimi nasikitikia sauti moja tu, niliyoinyamazisha mwenyewe. Miaka yote ile nilitembea ubavuni kwake, na ilitosha nimwambie, "Bibi, sema nae Kiswahili." Sikumwambia.