Vitunguu Saumu vya Juu ya Kabati

Mtaani walimwita Breki. Enzi zake za kuendesha lori la mizigo aliwahi kusimamisha msafara mzima wa magari kwa ajili ya bata aliyekuwa anavuka barabara bila haraka, na jina likamganda. Hakulichukia. Barabara alizijua zote. Kitu asichokijua ni jiko la nyumba yake mwenyewe. Umri wake wote alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Akifika anakuta chakula mezani, anakula, anasifu, analala, keshokutwa huyo safarini.

Ndiyo maana mkewe alipofariki, Breki alibaki jikoni amesimama kama mgeni asiyejua aketi wapi. Siku ya kwanza alitafuta kijiko cha chai mpaka maji yakakaukia kwenye sufuria.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na matairi makuukuu ya lori aliyokuwa akimletea mkewe, naye akayajaza udongo na mbolea, akapanda humo vitunguu saumu. Mbegu alipewa na mama yake mzazi alipoolewa, na tangu hapo hakuwahi kununua nyingine. Kila msimu alivuna, akavianika kivulini, kisha akavigawa. Vinono alivisuka kwa majani yake akavitundika juu ya kabati la vyombo. Vidogo alivitia kikapuni, karibu na jiko, na hivyo ndivyo alivyopikia siku zote. Punje nyembamba, za kumenya kwa kucha mpaka kidole kinawaka moto. Breki akimwona anahangaika navyo humtania, "Mke wangu mkono wa birika. Vile vinono unawawekea wakwe gani?"

Mama wa watu alicheka tu, akaendelea kumenya. Laiti angejibu.

Hata machozi ya msiba hayajakauka, binti yao wa pekee akapiga simu. Alikuwa ameolewa mbali, na sasa amepata kiwanja chenye nafasi ya bustani.

"Baba, niwekee mbegu za vitunguu vya mama. Nikija nitazichukua. Sitaki kitu kingine, si nguo wala vyombo."

"Zipo, mwanangu. Nitakutunzia kama mboni ya jicho."

Na kweli alizitunza. Alichukua kikapu cha vidogo, akavichambua, akavifunga kwenye kitambaa safi na kuvificha kwenye kabati la nguo, asije akavigusa kwa bahati mbaya. Kwa akili yake, nani azike kilicho kizuri kisha ale kibaya? Kizuri huliwa, mbegu ni yale mabaki. Hakumuuliza mtu, maana mtu haulizi jambo analoona analijua.

Basi akaanza kupikia vile vya juu ya kabati. Mwanzoni alivitia kwenye mafuta yanayofuka moshi, vikawa vyeusi na vichungu, akajikaza kisabuni akala hivyo hivyo. Baadaye akajua kuviponda kwenye kinu na chumvi kidogo, kuvikaanga kwa moto mdogo, na kugeuza taratibu mpaka harufu ienee. Harufu hiyo ilimliza. Nyumba ilinukia kama vile bado yupo. Kulikuwa na siku hana njaa hata chembe, lakini alikaanga punje mbili tatu ili tu jikoni kuwe na mtu.

Binti alifika mchana, vumbi la safari likiwa bado miguuni. Breki alikuwa amempikia mchuzi wa kuku. Binti akala, akafuta sahani kwa mkate.

"Baba, nani kakufundisha? Umempita mama."

"Usimseme mama yako," akajibu, ila alikuwa amejaa furaha. "Vitunguu vyake ndivyo vinapika, si mimi. Leo nimemaliza vile vinono vya juu ya kabati."

Binti aliacha kutafuna. Akainua macho, juu ya kabati pamebaki msumari mtupu.

"Vyote?"

"Vyote. Vyako vipo, usiwe na wasiwasi." Akaenda chumbani, akarudi na kile kitambaa, akakifungua mezani kwa mikono miwili.

Binti alichukua kimoja, akakigeuza kiganjani. "Baba, hivi ni vya kula," akasema polepole. "Mama alipanda vile vikubwa. Ukipanda vidogo vinazaa vidogo zaidi, mwisho vinapotea. Vikubwa hata yeye mwenyewe hakuwahi kuvionja."

Breki akaketi. Miaka yote hiyo amemwita mkono wa birika, kumbe mwenzake alikuwa anajinyima, vidole vikimuwasha, ili cha kesho kiwepo.

"Kazi yote ya mama yako nimeila," akasema.

Binti alikikunja kitambaa, akakitia mkobani, akamshika baba yake mkono. "Mbegu zitaota tu, baba. Udongo wangu mzuri. Utaona."

Breki aliitambua sauti hiyo. Ndiyo aliyoitumia yeye hospitali, ameketi ukingoni mwa kitanda, akimwambia mkewe kwamba atapona tu. Na mkewe aliitikia, ndiyo, nitapona, ili asimvunje moyo.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Zitaota."