Siku Mwalimu Twalha Alipomsubiri Tajiri

Twalha alishuka Kibiti akitokea milima ya Matumbi na begi moja na mguu wa kushoto. Mguu huo ndio uliompatia chumba katika nyumba ya timu ya mpira, nyuma ya soko. Goti lilipokufa wakamwachia chumba, wakampa filimbi ya ukocha. Imepita miaka kumi na minane. Jina lake watu walilisahau. Hata mkewe Hafsa alimwita mwalimu. Mashamba ya baba yao kule juu kaka zake waligawana, yeye hakwenda kudai. Alisema ana kazi.

Mimi ndiye mpishi wa timu hiyo mwaka wa kumi na mbili sasa, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Twalha alikuwa mpole wa kila kitu isipokuwa kimoja. Sisi tunacheza ligi ya wilaya, na nusu ya wapinzani wetu wako delta, kule mto unapoingia baharini. Huko hakuna barabara. Unakwenda Nyamisati, unapanda boti, na boti inapita kwenye vijito ambavyo maji yakipwa linabaki tope tupu. Hivyo saa ya kuondoka anaipanga nahodha wa boti, Saidy, anayeyajua maji, siyo kocha wala mwenyekiti. Twalha mtu wa milimani, hata kuogelea hajui, na pengine ndiyo maana aliishika sheria hiyo kuliko wenyeji. Kuna mwaka mshambuliaji wetu Zaidi alikuja anakimbia, chapati mkononi, boti imetoka hatua ishirini tu. Twalha akamtazama. "Rudi nyumbani ukalale," akamwambia. Tulicheza bila mshambuliaji tukapata sare, na tangu hapo hakuna aliyechelewa.

Msimu huu mambo yakaharibika. Wachezaji wetu wawili wazuri walichukuliwa na timu za Dar es Salaam, tukabaki na vijana wanaojua kunyoa nywele kuliko kupiga pasi. Mechi tisa: tumefungwa nane, sare moja. Watu walimzomea mwalimu mpaka sokoni. Mmoja alileta ndoo uwanjani, akaitua kando ya benchi letu, akasema ni ya kubebea magoli.

Katikati ya balaa hilo wazee wa klabu wakaikabidhi timu kwa Mudrick, mnunuzi wa ufuta mwenye ghala Nyamwage. Wiki ya kwanza akabadilisha jina, tukawa Mudrick Stars. Wiki ya pili akaleta jezi zenye namba ya simu ya ghala kifuani. Wiki ya tatu akaja nyumba ya timu, mimi nipo uani nachambua mchele.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe," akasema. "Ila mechi ijayo kule Mbwera nataka ushindi, tukifungwa tumeshuka daraja. Usipouleta, chumba hiki atakuja kulala mwingine."

"Tutajitahidi, tajiri."

"Kujitahidi umeshajitahidi mechi tisa. Na safari hii nakwenda nanyi. Nataka wanione nashuka na timu yangu."

Siku ya safari Saidy alitutangazia mapema kwamba maji yatajaa saa moja asubuhi, na mwisho wa kuondoka ni saa mbili. Saa mbili ikafika, timu yote imo botini, sufuria zangu zimo, Mudrick hayumo. Akipigiwa simu anasema yupo njiani. Njia hiyo sijui ilikuwa na urefu gani.

"Mwalimu, nitoe?" Saidy akauliza.

Zaidi, ambaye siku hizi ni nahodha wa timu, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tungekuwa sisi saa hizi tumeshaambiwa tukalale." Wenzake wakacheka.

Twalha hakucheka. Akaja akachuchumaa karibu yangu. Miaka yote hiyo alikuwa hajaniuliza kitu zaidi ya chumvi.

"Dada Mwanamkuu, unaonaje?"

Na mimi na mdomo wangu nikamjibu. "Ukimwacha huyu, mwalimu, ukirudi utakuta godoro lako barabarani. Msubiri. Saidy naye anapenda kutisha watu."

Akatazama maji, kisha akamwambia Saidy asubiri.

Mudrick alifika saa tatu na nusu. Akashuka garini na kijana aliyevaa suti ya mazoezi mpya, lebo bado inaning'inia shingoni. "Basi la huyu liliharibika Mkuranga, ikabidi nimfuate," akasema, wala samahani hakutoa. "Anaitwa Nassibu. Amesomea ukocha. Anakuja kutazama tu."

Saidy akatema mate majini, akawasha injini.

Hatukufika mbali. Saa nne na nusu boti ikaanza kukwaruza chini, injini ikawa inatoa tope badala ya maji. Vijana wakashuka kusukuma, wakazama hadi mapajani, viatu viwili vikabaki huko huko. Maji yalikuwa yanatuacha huku tunayaona. Mizizi ya mikoko ikatoka nje, kaa wakaanza kutembea, boti ikalala ubavu.

"Basi," Saidy akasema, akazima injini. "Mpaka saa tisa na nusu."

"Kuna nini saa tisa na nusu?" Mudrick akauliza.

"Maji."

Tajiri akapanda juu ya mabenchi kutafuta mtandao, hakuupata. Akasema atakwenda kwa miguu. Akavua viatu, akateremka, na hatua ya pili tope likamshika kiunoni, ikabidi vijana watatu wamvute kama gunia. Alirudi na soksi moja. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilijifunika kanga usoni.

Jua likapanda. Chakula nilichopanga wale baada ya mchezo nikawagawia pale pale, wakala wameinama upande mmoja. Nassibu akamaliza wali wake, akatoa daftari, akasogea kwa Twalha. Kijana ana adabu, siwezi kumsingizia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Huyu namba kumi na moja anatumia mguu gani? Maana tajiri ameniambia leo kikosi nipange mimi."

Nilimwona Twalha alivyoshusha kijiko. Mudrick alikuwa amekaa mbele, anajipangusa tope, anajifanya hasikii. Pale ndipo nilipoelewa. Hatukuwa tumemsubiri Mudrick. Tulikuwa tumemsubiri mtu wa kumtoa Twalha, na niliyesema asubiriwe ni mimi.

"Wa kushoto," Twalha akajibu. "Lakini usimwanzishe. Kelele za watu zinamtia woga, mwingize kipindi cha pili."

Kisha akamweleza wote, mmoja baada ya mwingine: nani ana kifundo kibovu, nani ukimfokea anazira, nani asipewe penalti. Nassibu anaandika. Nilitamani nimfunike sufuria kichwani, lakini kosa lake lilikuwa nini?

Tulielea saa tisa na nusu, kama Saidy alivyosema. Mbwera tulifika saa kumi na moja. Mchezo ulikuwa wa saa kumi. Mwamuzi alishapuliza filimbi, akangoja muda wake, akaondoka. Golini palikuwa na mbuzi. Tulipewa karatasi tu: Mbwera pointi tatu na magoli matatu ya mezani. Sisi tukawa tumeshuka daraja bila kugusa mpira.

"Mmekuja kununua samaki?" bibi mmoja akatuuliza. "Wameisha."

Mudrick akasimama katikati ya uwanja na mguu wake wenye soksi. Watu wa Mbwera wamejaa, wachezaji wamejaa.

"Nani aliyechelewesha timu?"

Saidy akainama kukunja kamba. Zaidi akatazama viatu vyake. Twalha akanitazama mimi, mara moja tu. Angeweza kusema. Angeweza kusema dada ndiye aliyenishauri, na wewe tajiri ndiye uliyechelewa, na wote tulikuwepo. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka na mimi nina watoto, na sufuria zile si zangu, ni za timu. Nikaufunga. Mimi, ambaye Kibiti nzima wanajua sina kufuli mdomoni.

"Kocha ni mimi," Twalha akasema. "Ni mimi."

"Basi umejifukuza mwenyewe," Mudrick akamjibu. "Mashahidi hawa hapa."

Siku ya tatu Twalha na mkewe wakaondoka. Nilikwenda kumsaidia Hafsa kufunga vyombo. Hakuniambia neno baya. Alikunja mashuka, akafagia chumba mpaka uvunguni kama anayesubiri wageni, akamkabidhi Zaidi ufunguo. Twalha alinishika mkono stendi, akasema, "Dada, wali wako siku hizi unazidisha chumvi." Basi la kusini likaja, wakapanda na godoro lao.

Hafsa hunipigia mara moja moja. Mwalimu kaka zake wamempa kipande cha kando ya korongo, ardhi iliyochoka, na kila jioni wanamkumbusha kwamba wamempa. Hafsa anasema kinachomuuma mumewe si jembe. Kule wanamwita Twalha, basi.

Juzi Nassibu alinikuta uani nakoka moto.

"Mama, keshokutwa tuna mechi ya kirafiki Kiongoroni. Nahodha Saidy anataka tuondoke saa kumi na mbili kamili. Tajiri anasema atachelewa kidogo." Akajikuna shingo. "Wewe mzoefu. Tumsubiri?"

Nikachochea kuni. Nilitafuta jibu, na majibu yote niliyokuwa nayo yalikuwa na jina la Twalha ndani yake.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi napika tu."

Akatoa simu, akaenda pembeni kumpigia tajiri.