Bi Brockhoff na Kurasa Kumi na Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja Dietlinde Brockhoff alikuwa mpiga chapa wa chuo kikuu cha Bochum, na vidole vyake vilikuwa na akili kumzidi profesa aliyemwajiri. Programu ya kuandikia ya kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa kaidi. Ukibonyeza kitufe kimoja, inaandika. Ukibonyeza kingine, kila herufi inageuka amri. Wageni iliwatoa jasho, lakini yeye aliicheza kama kinanda.

Februari ya mwaka themanini na nane, mumewe Egon akapooza upande mmoja. Profesa alikubali Dietlinde afanyie kazi nyumbani, kwa sharti: sura ya pili ya kitabu chake iwe mezani Jumatatu asubuhi. Ikichelewa, Dietlinde arudi ofisini, na Egon apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa.

Kwenye Atari, kompyuta ndogo ya nyumbani, programu ile haikuwepo. Aliyemwokoa ni Volkmar Stüwe, fundi wa simu, ambaye kila Jumamosi alikutana na wenzake wapenda kompyuta nyuma ya baa moja. Aliiandika upya, amri kwa amri.

"Ni pacha wa ile ya chuo," alijisifu. "Sema kazaliwa njiti. Kutengua makosa bado hajui, nitamfundisha Pasaka."

"Mimi sikosei, Bwana Stüwe."

Jumapili saa nane na nusu mchana, baada ya siku nne za kusoma mwandiko wa profesa uliofanana na nyayo za kuku, alimaliza ukurasa wa kumi na tisa. Akaenda kumgeuza Egon. Aliporudi alipanda juu kabisa ya maandishi kuongeza kichwa cha habari, macho kwenye karatasi kama wapiga chapa wote. Alidhani yuko kwenye kuandika, kumbe yuko kwenye amri. Herufi mbili za mwanzo zilimaanisha: futa kuanzia hapa mpaka mwisho. Vidole, kwa mazoea, vikahifadhi palepale kwenye diski, juu ya nakala ya zamani.

Alipoinua macho, skrini ilikuwa nyeupe pee.

Akambonyezea yule njiti kitufe cha kutengua mara tatu. Wapi! Akakimbilia simu.

"Umezima?" Volkmar aliuliza.

"Sijazima."

"Usizime! Maneno bado yamo kwenye kumbukumbu ya mashine. Umeme ukikatika sekunde moja tu, kwisha habari yake."

Chumbani Egon alisema polepole, "Kahawa."

Ilikuwa saa tisa, saa ya kahawa ya kila Jumapili, na katika nyumba ile birika la umeme na kompyuta vikiwashwa pamoja, fyuzi inaruka.

"Leo hakuna kahawa, mzee wangu."

"Jumapili? Nani... kafa?"

"Hajafa mtu. Kula keki, unyamaze."

Volkmar alifika kwa baiskeli, miguuni kandambili za nyumbani. Bila hata salamu alipeleka mkono nyuma ya mashine, akabonyeza kitufe cha kuianzisha upya. Dietlinde akapiga yowe.

"Umeniua, Stüwe!"

"Tulia, mama. Kitufe hiki hakikati umeme. Mashine imesahau tu ilikuwa inafanya nini."

"Kama mimi," alisema Egon.

Volkmar akaingiza diski yake ya kuchungulia kumbukumbu. Zikapita takataka, alama za ajabu ajabu, kisha mstari mmoja wa profesa, ukafuatwa na mwingine. Zilipatikana kurasa kumi na tatu.

"Na zile sita za mwanzo?"

Volkmar alikuna kichwa. "Programu yangu ya kuchungulia imezikalia, zimefutika."

"Basi inuka kwenye kiti. Kachemshe kahawa jikoni kwa sufuria, kuna jiko la gesi la safari kabatini."

Akaziandika upya zote sita, safari hii akihifadhi kila baada ya aya. Alimaliza kukiwa na giza.

Jumatatu profesa alipekua kurasa. "Bi Brockhoff, ukurasa wa nane una kosa."

"Moja tu?"

Profesa alimtazama, akafungua mtoto wa meza, akatoa bunda la nyayo za kuku.

"Sura ya tatu. Nayo ukaifanyie nyumbani."