Mkono wa Shemeji Tsuneo

Ukiwasha mchezo wetu wa kompyuta, mtu wa kwanza utakayekutana naye nje ya nyumba ya mama yako ni mume wa dada yangu. Anaitwa Tsuneo. Anasimama pale barabara inapotoka mjini Kuresawa kuingia majanini, na hakuachii upite mpaka akufundishe kukamata zimwi. Mimi ni Fumiyo, nauza matonge ya wali kwenye kibanda cha pembeni. Mimi hakuna anayenikumbuka. Wananunua, wanageuka, hata kuaga hawaagi. Sawa tu, nimezoea.

Kazi ya shemeji ni ile ile tangu toleo la kwanza la mchezo, na hili sasa ni la nne. Mgeni akifika anamwambia, "Mwanangu, zimwi ukilikuta usikimbilie kengele. Lichoshe kwanza. Likishalegea, piga mara moja tu, nalo litaingia." Kisha anamtuma Mugi, zimwi lake mwenyewe lenye mwili wa paka na masikio ya majani, akapambane na popori. Popori ni vizimwi vidogo vya mviringo, wamejaa majanini huko, hawana madhara yoyote. Popori akilegea, shemeji anapiga kengele, popori anaingia ndani yake, halafu anamfungulia aende zake. Mwisho anauliza, "Umeelewa, au nirudie?" Ukisema nirudie, anarudia. Ukimrudisha mpaka jua lichwe atarudia tu, wala hakununii. Katika matoleo yote matatu hajawahi kukosa hata popori mmoja.

Toleo la nne, watengenezaji wakaamua kumzeesha. Wakampa nywele nyeupe, wakamkunja mgongo. Hayo hatukuyajali, dada yangu Shizue alisema hata yanampendeza. Lakini kuna mtu huko juu, sijui nani, aliyeona itachekesha mzee akitetemeka mkono. Na akamtetemesha mkono wa kulia, ule wa kengele. Sasa niambie, hiyo ni akili gani?

Maana kengele ikilia kabla zimwi halijachoka, zimwi linashtuka na kutimka. Kila mtoto wa hapa analijua hilo, na aliyemfundisha ni shemeji huyo huyo.

"Shika kwa mkono wa kushoto," nilimwambia, mchezo ukiwa umezimwa.

"Wa kushoto wameuchora na fimbo, shemeji. Haibanduki."

"Basi jaza kitambaa ndani ya kengele."

"Halafu saa yake ikifika italiaje?"

Shizue alikuwa anatusikiliza, ndoo mkononi. Yeye kazi yake ni kwenda kisimani na kurudi, kwenda na kurudi, basi. Nilimwona anavyoibana ile ndoo kifuani.

Tulikuwa na hofu, na hofu yetu ilikuwa na sababu. Toleo la pili alikuwepo Bi Orie wa darajani, aliyefundisha watu kuvuka mto. Wachezaji wakawa wanakwama kwake. Tulipoamka toleo la tatu, darajani pamesimamishwa kibao cha maandishi, na Bi Orie hatujamwona tena mpaka leo. Mumewe bado anauliza wapita njia kama wanataka dawa ya vidonda, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyopewa. Anawauliza huku anatazama darajani.

Mjaribu akaja. Wajaribu ni wale wanaocheza kabla mchezo haujauzwa ili watafute makosa, na huwa tunawajua kwa sababu wanaanza kwa kujigonga kuta. Huyu alikuja na umbo la msichana wa kofia nyekundu. Alijigonga kwenye nyumba ya Shizue, akajigonga kisimani, akajaribu kupanda juu ya kibanda changu. Nikamwambia, "Karibu, wali bado wa moto." Ningeweza kumwambia mengi, ila mbele ya mchezaji hatutoki mahali petu wala hatuongezi neno. Ukiongeza, umehesabiwa kosa, na kosa huondolewa.

Akafika kwa shemeji. Shemeji akasema maneno yake vizuri, akamtuma Mugi. Mugi ndiyo kwanza ameinua mguu, kengele ikalia. Popori huyo, kapotea majanini.

"Umeelewa, au nirudie?" shemeji akauliza. Angefanya nini? Ndiyo maneno yake.

"Nirudie," mjaribu akajibu.

Safari hii Mugi aliruka mbio, maskini, naye anajua. Popori alikuwa ameanza kuyumba kengele ilipolia. Akatimka. Mjaribu akasema tena nirudie, halafu akaganda pale pale asitikisike. Wakiganda hivyo huwa wanaandika makosa. Shizue alikuwa amesimama katikati ya njia na ndoo yake, naye haruhusiwi kusimama, na mimi siruhusiwi hata kumwambia tembea.

Shemeji akaanza upya. Kengele ikalia mapema kama mwanzo, popori akakimbia. Akautazama mkono wake. Hakuuliza lile swali lake. Akasema, "Umeona, mwanangu? Nimewahi kupiga, ndiyo maana amekimbia. Sasa shika wewe."

Akamnyoshea kengele.

Nilitaka kujificha chini ya meza. Maneno yale hakuandikiwa na mtu. Mjaribu alimzunguka, akamzunguka tena, kisha akaipokea. Mugi akamchosha popori mwingine. Msichana akasubiri, akasubiri, popori alipolegea akapiga mara moja, na popori akaingia. Akaondoka kupitia majanini bila kujigonga popote.

Mchezo ulipozimwa, Shizue alimfuata mumewe karibu kumpiga na ndoo.

"Mwanamume mkaidi wewe. Ungekaa kimya wangekutengeneza mkono."

"Au wangeweka kibao."

"Na sasa je? Umeongeza maneno, Tsuneo. Mbele ya mjaribu."

"Yule alikuja kujifunza," shemeji alisema. "Nimuache anaganda tu pale?"

Shizue alilia. Mimi sikulia, nilimkasirikia shemeji, kisha nikawakasirikia wa huko juu, kisha nikakosa wa kumkasirikia.

Siku mchezo ulipoanza kuuzwa tuliamka kila mtu mahali pake. Shizue alikuwa kisimani, ameipa barabara mgongo.

"Fumiyo," akaniita, "tazama wewe. Mimi siwezi."

Nilijiambia, ukiona kibao, usipige kelele. Nikatazama. Shemeji yupo. Mkono unatetemeka kuliko hata jana.

Nikamwambia dada yangu yupo, naye akakaa chini pale pale kisimani, na mchezaji wa kwanza akawa anafika.

Kengele ililia mapema, popori akakimbia. Kisha nikamsikia shemeji akisema, "Umeona, mwanangu? Nimewahi kupiga, ndiyo maana amekimbia. Sasa shika wewe." Neno kwa neno. Wameyachukua maneno yake, wakamwandikia. Na kukosa kwake pia wamekuandika, kwa kila mchezaji, kwenye kila nyumba, kutwa nzima. Wengine wameshajifunza zamani, lakini wanamwambia arudie, wamwone tu anavyokosa wacheke.

Jioni alikuja kibandani, mkono ukitetemesha hata tonge. Mugi alikuwa miguuni pake, amechoka.

"Leo wamenirudisha sana, shemeji," aliniambia. "Nimekosa mpaka nimeona aibu mbele ya Mugi. Mimi, Tsuneo."

Shizue aliweka ndoo chini, akamfuta punje za wali kwenye ndevu.

"Kosa tu, mzee wangu," alisema. "Kosa na kesho pia, ilimradi nikitoka kisimani nikukute."